Dakika Arobaini mpaka Kigoma

Kwanza naomba radhi. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mlimani. Herufi nyingine nimezifuta mpaka karatasi ikatoboka. Mahali ambapo neno limekosewa, tafadhali soma kwa kusikia, kama vile mimi niko mbele yako nasema. Naandika kwa sababu yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, Spesioza, amefariki mwaka huu huko Kigoma, na baada ya matanga binti yake Divina alikuja kwangu Bujumbura. Alifika kwa ndege. Alivua viatu mlangoni, akanywa maji, akasema, "Mama mdogo, kumbe ni karibu hivi? Sijamaliza hata soda." Nikacheka kwa adabu, nikamwongezea maji. Baadaye aliniuliza habari za baba yake. Mama yake hakuwahi kumweleza vizuri, na mimi kwa mdomo siwezi. Tangu utotoni maneno yangu hukwama kooni watu wakinitazama. Karatasi hainitazami.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule wa tisini na tano. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nakaa kwa yaya katika parseli, ua mmoja wa mtaa wa Bwiza, nyumba ndefu ya vyumba vitano chini ya bati moja. Chumba chetu kilikuwa cha pili kutoka mlangoni. Kulikuwa na kitanda cha yaya, mkeka wangu, kabati bila mlango, na dirisha ambalo tulikuwa tumeliziba kwa godoro la mtoto tangu risasi ilipopita kwa jirani. Kwa hiyo mchana kulikuwa giza kama jioni, na chumba kilinuka maziwa na mafuta ya taa. Ukuta wa kati haukufika kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tano anasema pole. Hivyo ndivyo nilivyojua mambo mengi mwaka ule: sikuuliza, nililala nikasikiliza. Nilisikia majina ya mitaa iliyochomwa, nilisikia wanawake wakihesabu nani hajarudi, na nilisikia vijana wa mtaa wakipita nje wakiuliza kwa sauti ya mzaha, "Huyu mutu wa chumba cha pili iko wapi? Tunamusalimia tu."

Huyo mtu alikuwa shemeji yangu Anaklet. Alikuwa mtunza ghala katika kiwanda kimoja cha Zone Industrielle, mtu mrefu, mpole, mwenye kupiga pasi shati lake mwenyewe. Ndoa yake na yaya ilikuwa ya kuchanganya makabila. Zamani hakuna aliyejali jambo hilo pale Bwiza, tulikula isombe, majani ya muhogo, katika sinia moja. Mwaka ule watu walianza kulijali. Anaklet alikimbia kwa boti usiku mmoja, akafika Kigoma kwa watu wa ukoo wake, akamwacha yaya kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa na safari ya boti ingemuua. Divina alizaliwa katika chumba kile cha godoro dirishani. Alipotimiza miezi miwili, mtu aliandika alama kwa mkaa juu ya mlango wetu. Yaya aliifuta kwa kitambaa cha maji, akakaa chini, akaniambia, "Beata, tunaenda." Lakini kwenda wapi? Barabara ya kusini, inayofuata ziwa kupitia Rumonge, ilikuwa na watu wanaoteka magari. Boti zilikuwa zinasimamishwa na abiria kuulizwa asili yao. Ilibaki juu.

Chumba cha tano alikaa Papa Melki, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege, mjane mwenye mabega kama mlango na sauti ya mwanamke. Kila asubuhi kabla ya jua gari dogo la wafanyakazi lilimchukua kwenye kona. Kulikuwa na ndege ndogo ya mizigo iliyopeleka sabuni Kigoma na kurudi na samaki na chumvi, na rubani wake, mzungu mwenye kupenda ndizi za kuchoma, alikubali kumkalisha mama na mtoto juu ya makatoni. Papa Melki alitueleza jioni moja tukila maharage na ndagala, dagaa wa ziwani, mlangoni kwake. Yaya alitaka kujua ni mbali kiasi gani.

"Kigoma? Iyo si mbali, binti yangu," alisema. "Kilometre mia na makumi nane hivi. Dakika arobaini."

"We ulishafika?"

"Mi? Mi napakia, sipandi. Mi nina miguu ya chini." Alicheka peke yake. "Lakini najua. Inaenda, inashusha, inarudi, mi niko pale pale nasubiri. Nikitoa muda wa kushusha, nikagawanya mbili, ni dakika arobaini. Beata ataweka maharage motoni ndege ikipita juu ya bati. Kabla hayajaiva, we unakanyaga udongo ya Tanzania."

Yaya alimwamini, na mimi nilimwamini, kwa sababu alisema kweli. Mpaka leo ni kweli. Divina mwenyewe ameniambia, hakumaliza soda.

Mtaa wa nyuma kulikuwa na duka la Mama Asha, mwanamke wa Kiislamu wa kutoka Uvira. Mume wake alikuwa amekwama ng'ambo, naye alibaki na duka pamoja na foni, ile redio ya kuongea na miji ya mbali. Aliitumia kila siku na watu wa Uvira na Bukavu, bei ya mafuta ya mawese, nani amezaa, nani amekufa. Ukiongea kwenye foni, duka zima linakusikia, hata wanunuzi wa chumvi, kwa hiyo watu walifundishana kutotaja majina. Kwa Kigoma alikuwa hajaongea kabla; Anaklet ndiye alimpatia namna ya kuwapata, kwa karatasi aliyotuma na baharia. Siku mbili kabla ya safari tulimpata hewani. Sauti yake ilikuja kama mtu aliye ndani ya pipa. Yaya alimwambia ndege inatoka saa nne asubuhi, dakika arobaini, asubiri uwanjani, na saa tano sisi tutakuwa kwenye foni atuambie kama amewapokea. "Saa tano," alisema Anaklet. "Nimeshika." Mama Asha alizima, akatuambia twende na amani.

Siku ya safari yaya aliondoka na Papa Melki kwenye gari la wafanyakazi, mtoto mgongoni chini ya koti la mvua. Hakunikumbatia, maana vijana walikuwa wameshaamka. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Usifagie." Kwetu mtu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka isikike kwamba amefika, usije ukamfagia na yeye. Nilikaa katika uchafu wa asubuhi, nyuzi za kitenge na maganda ya viazi, nikaogopa hata kusogeza mguu. Kwenye bariyeri, kile kizuizi cha njia ya uwanja, waliwatazama tu, Papa Melki alisema ni mke wa mwenzao anapeleka mtoto kwa daktari. Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu ukimya. Kisha saa nne, redio ya jirani ikisoma habari, nilisikia mlio mdogo kama nyuki juu ya bati, ukaelekea kusini. Niliweka maharage motoni.

Saa tano nilikuwa kwa Mama Asha. Aliita, akaita tena. "Kigoma, Kigoma, munanisikia?" Foni ilitoa sauti ya mchanga. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananunua majani ya chai alisimama kusikiliza, akatikisa kichwa, akalipa, akaenda. Mama Asha aliita mpaka akakauka koo. Akaniambia, "Pengine wako wanakula. Rudi tisa." Lakini kabla ya hapo risasi zilianza upande wa Cibitoke, kwanza moja moja, halafu kama mahindi kwenye sufuria. Mama Asha akapanda kwenye stuli akateremsha waya wa foni, akaufunika kwa mifagio, kwa sababu wanajeshi walikuwa wakiona waya juu ya nyumba wanasema unaongea na waasi. Nilirudi nyumbani nikikimbia nimeinama. Maharage yalikuwa yameungua. Papa Melki hakurudi jioni ile wala kesho yake. Mji ulikuwa umefungwa, barabara zimewekwa mawe na matairi, na wafanyakazi wa uwanja walilala huko huko. Nilikaa katika chumba kile peke yangu, na kila nilipofumba macho niliiona ndege ikiingia ziwani polepole, bila mlio, pamoja na makatoni yote ya sabuni. Sikula. Sikufagia.

Sasa nikiwa mwanamke mwenye mvi najiuliza woga unakaa wapi mwilini. Wengine wanasema tumboni. Wangu ulikaa masikioni. Siku zile mbili nilisikia kila kitu: mbuzi wa jirani akitafuna kamba, tone la maji kwenye debe, kijana mmoja wa mtaa akimwambia mwenzake kwa furaha kwamba "yule mama wa chumba cha pili amekimbia, tumuachie mudogo wake, uyu hana shida, uyu ni bubu." Wakacheka. Waliponiita bubu nilishukuru.

Siku ya tatu mchana, wakati wa jua kali ambapo hata wakorofi hulala, mlango ulisukumwa. Aliingia mwanamume amevaa kanzu na kofia ya Kiislamu, akaufunga kwa mgongo. Nilijua kwanza harufu, harufu ya pasi ya mkaa, kisha nikaujua uso. Alikuwa Anaklet. Alikuja kwa boti ya simenti, akashuka bandarini katikati ya wapagazi, akapita Buyenzi kama mtu anayetoka msikitini.

"Wako wapi?" alinong'ona.

"Walienda na ndege, shemeji."

"Apana. Hawakufika. Nilisimama pale uwanjani, nikaenda ku foni saa tano, hakuna mutu aliyejibu. Hakuna. Nikajua wamewakamata ku bariyeri."

"Ndege nimeisikia. Ilipita juu yetu."

Tulitazamana. Wote wawili tuliwaza ziwa. Alishuka ukutani taratibu mpaka akakaa juu ya maganda yale, akaweka kofia magotini. Hakulia. Alisema tu, "Basi wako mu maji." Nilimpa kikombe cha maji, akakishika bila kunywa. Chumba cha kwanza redio ilikuwa inaimba nyimbo za dini. Kisha wimbo ukakatwa, mtangazaji akasema ni saa saba kamili. Anaklet, kama wanaume wote wenye saa, aliinua mkono aitazame. Niliona uso wake ukibadilika kabla sijajua kwa nini. Aliipeleka saa sikioni. Akaniuliza, "Amesema ngapi?"

"Saba."

"Yangu inasema nane."

"Labda inakimbia."

"Haikimbii," alisema. Akaifunika kwa kiganja, kama mtu anayefunika kidonda. Siku ya kwanza alipofika Kigoma mwenyeji wake alimwambia asogeze saa mbele, huko wako mbele yetu saa nzima. Aliisogeza, akaishi nayo, akasahau kwamba aliisogeza. Uvira na Bukavu wana saa moja na sisi, kwa hiyo Mama Asha hakujua. Papa Melki hakuwahi kupanda. Mimi nilifikiri saa nne ni saa nne popote jua linapowaka. Alipokuwa kwenye foni akiita saa tano yake, hapa ilikuwa saa nne, yaya ndiyo kwanza anapanda, na chombo cha Mama Asha kimezimwa. Nilipokuwa mimi naita, huko ilikuwa saa sita, mwenye foni amefunga amekwenda kula. Shemeji alikuwa tayari juu ya boti. "Niliiona," alisema. "Boti ilikuwa imetoka, nikaona ndege ndogo inashuka upande wa uwanja. Nikasema moyoni, hii si yao, yao ingefika zamani."

Alasiri Papa Melki alirudi, ana vumbi mpaka kope. Alipomkuta Anaklet chumbani alirudi nyuma hatua moja, akashika mlango. "We mutu una akili? Ile ndege ilirudi siku ile ile, mi mwenyewe nimeshusha samaki. Bibi yako iko Kigoma tangu juzi." Hiyo ilikuwa habari ya furaha kuliko zote nilizopata maishani, na niliipata pamoja na hofu mpya, kwa sababu sasa aliyekuwa kwenye mdomo wa mamba si yaya tena.

Mama Asha alikuwa amepandisha waya wake. Nilikwenda peke yangu. Aliita Kigoma, na mara hii sauti ikajibu, ikasema kuna mama mwenye mtoto anashinda kwenye baraza lao tangu juzi, ngoja aitwe. Kulikuwa na watu watatu dukani. Mama Asha alinipa kile kitu cha kuongelea, akanionyesha pa kubonyeza. Sikuwahi kukishika.

"Mdogo wangu?" Ilikuwa sauti ya yaya. "Mwenye nyumba yuko wapi? Wanasema alipanda boti."

Alimaanisha mume wake. Watu watatu wakanitazama. Nilibonyeza. "Iko hapa."

Mchanga, mchanga. "Ya nini?"

"Alikuwa anakutafuta."

Nikabonyeza tena, nikaongea maneno mengi kuliko niliyowahi kusema kwa siku nzima. Nilimwambia kesho ule mzigo utakuja kama wake ulivyokuja, unatoka saa nne ya huku, kwake itakuwa tano, afike uwanjani saa tano na dakika arobaini ya kwake, ya kwake, asikosee. Nilimfanya arudie. Alirudia.

Asubuhi Papa Melki alimletea Anaklet ovaroli ya buluu ya mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Ilikuwa fupi, ilimwishia juu ya kifundo cha mguu. Nilipika uji, akanywa amesimama. Alivua saa akataka kuirudisha nyuma, kisha akaiacha vile. "Leo jioni nitakuwa ndani ya saa hii," alisema, akatabasamu kidogo. Alipotoka kwenda kwenye gari pale kona, kijana mmoja wa mtaa alikuwa anapiga mswaki kwenye mfereji. Alimtazama miguu, akatema povu, akaendelea kupiga mswaki. Sijui kama ndiye aliyewaambia. Nimejiuliza miaka yote hii. Leo huyo kijana ni baba wa watu, anauza mbao, tunasalimiana.

Ndege ilipita saa nne juu ya bati. Nikaona ni vizuri. Saa tano kamili ilikuwa saa sita yao, nikajua foni yao imefungwa, sikwenda, nilisubiri nane. Lakini kabla ya nane Papa Melki alirudi kwa miguu, mapema, jua bado liko juu. Alikaa mlangoni kwake bila kuvua viatu. Majirani wakatoka mmoja mmoja wakasimama mbali. Alisema kwamba kwenye bariyeri gari lilisimamishwa na watu waliokuwa na nguo za kila namna, wakaomba vitambulisho, wakamwambia mwenye ovaroli fupi ashuke. Papa Melki alisema, "Uyu ni mwenzetu." Wakamwambia, "Basi shuka na we." Anaklet akamsukuma kifuani arudi ndani, akashuka peke yake. Gari likaamriwa liende. Alipogeuka nyuma, vumbi.

Saa nane nilikwenda kwa Mama Asha. Alijua tayari, mtaa ulikuwa umejua. Alifukuza wanunuzi, akafunga mlango wa duka, kitu ambacho hakuwahi kufanya mchana. Yaya alikuwa anangoja upande wa pili. Hakuniacha nianze.

"Beata, ndege imefika vile vile ulisema," alisema. "Dakika ile ile. Nilikuwa pale. Nimesimama naangalia wanashusha sabuni, wanashusha sabuni, mpaka ikaisha. Rubani akafunga mlango."

Nilibonyeza, na kwa mara ya kwanza siku ile maneno yalikwama kama kawaida yangu. Mama Asha akanitoa kile kitu mkononi, akamwambia yeye. Alimwambia kwa Kiswahili kizuri cha kwao, taratibu, kama mtu anayemvika mwenzake nguo.

Maiti haikuonekana. Papa Melki alitafuta kwenye hospitali na kwenye mashimo, mpaka akaambiwa aache. Yaya hakurudi Burundi tena, hata kwa kututembelea, na alilea mtoto wake kwa kuuza dagaa. Hakuolewa, maana hakuna aliyemwambia kwamba ni mjane. Sasa amezikwa, na Divina amenikalia hapa anasubiri nimwambie kitu ambacho mimi sikukiona.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama ulikuwa kwenye bariyeri ya njia ya uwanja wa ndege mwaka ule, asubuhi ambayo mji ulikuwa umefunguliwa baada ya siku mbili za kufungwa, naomba uniandikie. Kama ulikuwa abiria wa gari lile, andika. Kama ulikuwa umesimama barabarani na wale wengine, andika na wewe. Sitauliza jina lako wala ulikuwa umeshika nini mkononi, na barua waweza kumpa yule aliyekuletea karatasi hizi, ataifikisha. Alikuwa mrefu, ovaroli ya buluu, fupi, saa mkononi iliyokuwa mbele. Nataka kujua jambo moja tu nimwambie mtoto wake: alipelekwa upande gani wa barabara, upande wa mashamba au upande wa ziwa.